Asiyetaka Hafai

Figo ya Cheche ilitolewa na mjomba wake, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Cheche mwenyewe akiwa jikoni anasugua masufuria. Alipotoka huku mikono imejaa povu, alikuta sebule nzima inamtazama kama bibi harusi. Mama yake alikuwa analia. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa ameinamisha kichwa. Mjomba, ambaye tangu baba yao afariki ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo kwa jema na baya, alikohoa kidogo akasema:

"Mwanangu, tumezungumza. Daktari anasema ndugu wa tumbo moja ndiye anayetegemewa zaidi. Na dada yako ana nani mwingine wa tumbo moja? Ni wewe tu. Basi, tumeshukuru."

"Mmeshukuru nini, Mjomba?"

"Moyo wako."

Hakuna aliyemuuliza. Si kwamba walimdharau, la. Waliona kumuuliza kungekuwa kumtukana. Mtu anamwona ndugu yake anazama, utamuuliza kama atampa mkono?

Cheche alifuta povu kwenye kanga, akasema, "Haya." Neno moja, na mkutano ukaisha.

Jina hilo la Cheche lilimpata kazini. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke pekee katika karakana ya mafundi sita, na mageti yake yalikuwa hayalii yakifunguliwa. Watu waliomwona kutwa nzima akichezea moto walidhani mwanamke yule hana anachokiogopa. Hawakujua habari ya baba yake. Baba aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe kufanyiwa upasuaji wa ngiri, jambo dogo, akamtania muuguzi mlangoni kwamba wamrudishe kabla chai haijapoa. Hakuamka kwenye dawa ya usingizi. Cheche alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu siku hiyo harufu ya dawa ya kuoshea sakafu za hospitali ilimfanya atafute mlango wa kutokea, na yeye mwenyewe sasa alikuwa na binti wa miaka saba ambaye hakuwa na mzazi mwingine wa kumtaja.

Lakini aliyekuwa anaumwa hakuwa mtu baki. Alikuwa Dada. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, kwa sababu nusu ya mtaa alikuwa ameifundisha kusoma. Alimzidi Cheche miaka kumi, na baba alipoondoka ndiye aliyekuwa akimkagua kucha, akimsikiliza akisoma kwa kukwamakwama, akimsuka nywele huku anasahihisha madaftari. Ndiye aliyesimama mbele ya Mjomba, enzi hizo Mjomba akitaka Cheche asomee ushonaji, akasema, "Mwacheni akajifunze kuchomelea. Chuma hakijui nani kavaa sketi." Mjomba alinuna mwezi mzima.

Ndiyo maana Cheche alisema haya.

Walimpima damu, mkojo, moyo, mapafu. Wakampiga picha za tumbo. Majibu yalipotoka, daktari wa figo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wamjue: zinaoana, tena vizuri sana. Mama alipiga magoti palepale kwenye korido, watu wakimpita huku na huku. Cheche alimwinua mama yake. Mikono yake mwenyewe ilikuwa baridi kama bomba.

Kilibaki kitu kimoja, wakaambiwa, utaratibu tu: kila anayetaka kutoa figo lazima aonane peke yake na muuguzi mshauri. Mjomba alitaka kuingia naye. Muuguzi mshauri, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alimfungia mlango taratibu, kwa heshima zote.

Chumba kilikuwa kidogo, viti viwili na feni isiyozunguka. Muuguzi hakufungua faili.

"Nani amekuleta hapa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Sawa. Nikuulize hivi. Tuseme tumekosea vipimo, na sasa hivi nakwambia hufai, figo yako haiwezi kumsaidia dada yako. Ungehisi nini?"

Cheche alifungua mdomo aseme huzuni.

"Nafuu," akasema.

Lilimtoka lenyewe. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kisha machozi yakaanza kupita katikati ya vidole. Alilia kama mtoto, kwa kwikwi, na muuguzi akamwacha alie mpaka amalize.

"Nampenda," Cheche alisema alipoweza kusema. "Wallahi nampenda dada yangu. Lakini kila nikifumba macho namwona baba. Naona binti yangu amesimama korido. Ningekuwa natakiwa kuingia kwenye moto kumtoa, ningeingia. Huku kulala nikatwe, siwezi. Najaribu kutaka, sitaki. Mimi ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu ambaye leo ndiyo kwanza ameulizwa," muuguzi alisema.

Akamweleza. Hakuna atakayejua. Familia itaambiwa kwamba uchunguzi umekamilika na yeye hafai kutoa; basi, hakuna zaidi. Sababu ni siri yake, na hata Mjomba akija na wanasheria hawatamwambia.

"Kwa hiyo mtamdanganya dada yangu."

"Asiyetaka hafai. Huo ndio msimamo wetu hapa, na kwangu si uongo. Kiungo cha mtu hakichukuliwi kwa aibu."

"Na akifa?"

Muuguzi alivaa miwani yake, kisha akaivua tena. "Atakuwa amekufa kwa ugonjwa wa figo. Hutakuwa umemuua wewe. Lakini sitakudanganya kwamba hutahisi hivyo."

Cheche aligeukia mlango. Nje alisikia sauti ya Mjomba akimweleza mtu habari za tumbo moja.

"Waambieni sifai," akasema.

Barua ilikuja baada ya siku tatu, mistari miwili na mhuri. Mama aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. Cheche alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, isipokuwa kwa alichofanya Dada. Dada alimwangalia mdogo wake aliyekuwa analia mlangoni, akacheka, kisha akamvuta kitandani akamkumbatia.

"Ndiyo unalia hivyo? Hebu njoo hapa. Figo zako nazo zimefeli mtihani, zimekufuata wewe na hisabati zako." Akambusu utosini. "Umejaribu, mdogo wangu. Mimi hilo linanitosha."

Kuanzia hapo Cheche akawa shujaa. Mama alimsimulia kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa: "Huyu mnayemwona, alikuwa tayari kupasuliwa! Mungu tu hakupenda." Majirani wakamshika mkono. Mafundi wenzake karakanani, ambao kila siku walimtania kwa urefu wa mdomo wake, waliacha utani kwa wiki nzima. Mjomba alisema mbele za watu kwamba nia ni nusu ya tendo. Cheche alikuwa akiitikia kwa kichwa, na kila sifa aliimeza kama anayemeza kaa la moto, kwa sababu asingeweza kuitema bila kuunguza nyumba.

Wakatafuta wengine. Damu ya Shemeji haikuoana. Binamu mmoja alijitokeza, wakamkuta na shinikizo la damu ambalo mwenyewe alikuwa halijui. Wa pili alisema atafikiria, akabadilisha namba ya simu. Basi likabaki lile la kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne.

Cheche ndiye aliyekuwa akimpeleka. Alipanga upya kazi zake zote. Alimbebea mkoba, blanketi, chupa ya maji iliyopimwa kwa sababu hakuruhusiwa kunywa zaidi. Chumba kile kilikuwa na viti vinane vya kulalia na mashine nane, na zote zilikuwa zinavuma kwa sauti moja, kama friji kuukuu. Siku za mwanzo Dada alikuwa anasahihisha madaftari kwa mkono ulio huru. Alikuwa akimsomea Cheche majibu ya watoto, wakacheka mpaka muuguzi wa zamu awaonye. "Taja faida tatu za ng'ombe. Moja, anatoa maziwa. Mbili, anatoa maziwa tena." Baadaye madaftari yakapungua, baadaye yakabaki shuleni. Ngozi yake ikawa ya kijivujivu, miguu ikavimba, na akianza kusema sentensi ndefu ilibidi apumzike katikati kama anayepanda ngazi.

Mwezi wa saba wa mashine Cheche alirudi kwenye chumba kile chenye feni isiyozunguka. Hakukaa.

"Nimebadilika. Chukueni."

"Unataka, au umechoka kujilaumu?" muuguzi mshauri aliuliza.

"Sijui. Vyovyote. Bado naogopa, lakini nataka zaidi kuliko ninavyoogopa. Hiyo haitoshi?"

"Inaweza kutosha," muuguzi alisema, na kweli alinyanyua simu akamwita daktari wa figo.

Daktari hakuketi pia. Alieleza pole pole, akichora moyo kwenye kipande cha karatasi. Moyo wa Dada ulikuwa umetanuka. Miezi ya maji kujaa mwilini ilikuwa imeuchosha. Vipimo vya wiki iliyopita vilionyesha usingeweza kuhimili dawa ya usingizi wala upasuaji. Figo yoyote, ya yeyote, ingempata akiwa maiti mezani.

"Ningekuja mwezi wa tatu, angepona?" Cheche aliuliza.

Daktari alimtazama muuguzi. Hakujua aseme nini bila kuigusa siri ile. "Hayo mambo hayapimwi hivyo," alisema mwishowe. Cheche alimshukuru, akatoka, akaenda kumchukua dada yake kwenye mashine, akamfunga blanketi magotini.

Haukupita muda Dada akatangaza kuwa amechoka. Alilitangaza kiualimu, bila kupaza sauti, familia ikiwa imekaa sebuleni kwa Mama. Alisema hataki tena mashine. Alikuwa amezungumza na madaktari. Wangempa dawa za kupunguza maumivu na za kumsaidia kupumua, angekaa nyumbani kwake, na ingechukua siku chache, labda wiki mbili. Alisema mashine sasa ilikuwa inamchukua siku tatu na kumrudishia moja, na hiyo moja aliitumia kutapika.

Mama aliweka mkono kifuani. Shemeji alitoka nje kwenye kibaraza. Mjomba akasimama.

"Huko ni kujiua! Katika ukoo huu hakuna aliyejiua. Kesho asubuhi nitampeleka mwenyewe, hata kwa kubebwa."

"Mjomba," Cheche alisema, "kaa."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mjomba kaa.

"Umesemaje?"

"Nimesema kaa, shikamoo yako ipo palepale. Huyu ndiye anayelala pale saa nne na sindano mkononi. Sisi tunakaa pembeni tunakunywa soda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mmemuuliza hata mara moja anataka nini? Tunamgawana tu kama shamba!"

"Wewe!" Mjomba alimnyooshea kidole, na sauti yake sasa ilikuwa imejaa machozi, kwa kuwa naye alimpenda, tusimwonee. "Wewe uliyekuwa tayari kukatwa nyama yako kwa ajili yake, leo ndiye unayesema tumwache afe?"

 Cheche alisimama katikati ya sebule, mdomo wazi, na Dada akamwokoa.

"Anasema niachwe nichague," Dada alisema. "Mjomba, nakuomba." Ikawa hivyo.

Siku ya pili baada ya mashine kusimama, alasiri, Cheche alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anamkata Dada kucha. Shemeji alikuwa ameenda kuchukua dawa. Cheche hakuwa amepanga. Alimaliza mkono wa kulia, akaushika wa kushoto, akasema akiwa ameinama:

"Dada, mimi nilikuwa nafaa."

Akamwambia yote: chumba, feni, lile neno nafuu. Hakujitetea, na habari ya kurudi mwezi wa saba hakuisema kabisa, maana aliona ingekuwa kuomba punguzo.

Dada alitoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mdogo wake.

"Nenda nje kwanza."

"Dada..."

"Nimesema nenda nje."

Siku mbili nzima hakuitwa. Alikuja asubuhi na jioni, akafua mashuka, akapika, akakaa kibarazani na Shemeji ambaye alidhani ni mgonjwa hataki watu. Siku ya tatu Shemeji alimgusa bega: "Anakuita."

Dada alikuwa ameinuliwa na mito mitatu. Macho tu ndiyo yalikuwa bado ya Mwalimu.

"Figo si kitu," alisema. "Nimefikiri, nimeona figo si kitu. Kinachoniuma ni hii miezi. Umenibebea mkoba. Umenifunika. Nikawa najisemea, angalau mimi nina mdogo wangu ananipenda hivi. Kumbe ulikuwa unalipa."

"Yote mawili, Dada. Nilikuwa nalipa na nilikuwa nakupenda. Sijui kuyatenganisha."

Dada alipumzika, kama alivyokuwa akipumzika katikati ya sentensi.

"Ungeniambia mimi. Siku ileile. Ningewaambia wote, mwacheni mtoto." Akafumba macho. "Ama labda nisingesema hivyo. Nilikuwa nataka kuishi sana, siku zile. Ungeniambia unaogopa, ningekubembeleza. Ningekukumbusha nywele nilizokusuka. Ningekupata, nakujua." Chozi moja lilitoka, likaingia sikioni, hakuwa na nguvu ya kulifuta. Cheche alilifuta. "Basi labda ni vizuri hukuniambia. Sijui. Nimefundisha miaka ishirini na mbili, na hili sijui nilisahihishe vipi."

Hakusema amemsamehe. Cheche naye hakuomba. Alikaa pale mpaka dada yake akasinzia, na kesho yake akaruhusiwa kuingia tena, na keshokutwa, na walizungumza habari za binti yake Cheche na meno yake yaliyong'oka.

Mwalimu alifariki siku ya tisa bila mashine, saa nne asubuhi. Cheche alikuwa karakanani. Alikuwa ameahidi kumaliza geti siku hiyo, na Dada mwenyewe alikuwa amemwambia aende. Simu ilitetemeka mfukoni mwa ovaroli yake akiwa katikati ya kuunga, glavu mikononi, uso umefunikwa. Alijua. Alimaliza ule mshono mpaka mwisho, polepole, sawasawa, kwa sababu alijua akiinua ile barakoa ya chuma itakuwa kweli.

Kwenye msiba sifa zilirudi upya. Watoto wa shule walipita mbele ya jeneza mmoja mmoja, walimu wakazungumza, na Mjomba alipopewa nafasi alimtaja Cheche mbele ya umati kama mfano wa undugu. Watu waligeuka kumtazama. Alitamani ardhi ipasuke.

Alivumilia wiki sita. Kisha akaenda kwa Mama, akamkuta anapanga nguo za marehemu, zipi za kugawa na zipi za kubaki. Akamsaidia kukunja mpaka rundo likaisha. Ndipo akamwambia.

Mama alisikiliza akiwa ameshika blauzi ya mwanawe mapajani. Hakupiga kelele. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ya chini sana:

"Kwa nini umeniambia?"

"Ili usinisifu tena, Mama. Siwezi tena kuzibeba zile sifa."

"Kwa hiyo umekuja kunitwika mimi." Mama aliilaza blauzi, akaipapasa ikanyooka. "Mimi nimezika mtoto. Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja, kwamba hawa wangu wawili hawakunyimana kitu. Nikiamka nakishika hicho, ndiyo naweza kuweka miguu chini. Umekuja kukichukua, ili wewe ulale."

"Nisamehe, Mama."

"Na dada yako? Alijua?"

"Nilimwambia. Kabla."

Mama alitingisha kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. "Naye ukamwambia," alisema. "Nenda nyumbani, mwanangu. Sikufukuzi. Nenda tu."

Miezi miwili hawakuonana. Cheche alikuwa akimtuma binti yake na mboga, na binti alikuwa akirudi na chombo kimeoshwa, bila neno. Karakanani utani ulikuwa umerudi, akashukuru. Siku moja alikwenda hospitali, akamsubiri muuguzi mshauri nje ya kile chumba, akamweleza yote yalivyokuwa. Muuguzi alimsikiliza wakiwa wamesimama. Alisema wapo ambao hawasemi maisha yao yote na wapo wanaosema, na katika miaka yote hakuwahi kujua akina nani wanaumia kidogo. Halafu akaitwa ndani. Kulikuwa na kijana mwingine na baba zake wadogo watatu.

Jumamosi moja, karibu na adhuhuri, Mama alitokea karakanani. Hakuwahi kukanyaga pale. Mafundi wakagombania kumpa kiti, akakataa, akakaa juu ya debe la rangi lililofunikwa. Cheche alizima mashine, akavua barakoa, jasho likimchuruzika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Wakakaa. Fundi mmoja mzee, aliyemfahamu marehemu, alisogea kutoa pole, akasema yale ambayo watu husema: kwamba Mama alizaa watoto wenye moyo, na kwamba huyu alijaribu alivyoweza.

Cheche alitazama chini, kwenye vumbi la chuma.

"Ndiyo," Mama alimjibu yule mzee, bila kumtazama binti yake. "Ahsante, baba."

Mzee alipoondoka, Mama alifumbata mikono mapajani. Cheche aliona ilivyozeeka, ile mikono, katika miezi miwili tu.

"Kitasa cha mlango wangu wa nyuma kimelegea," Mama alisema. "Uje ukitazame."

"Nitakuja leo, Mama."

"Si leo. Leo sina nguvu na wewe. Njoo wiki ijayo."

Akainuka kwa shida, akakataa kushikwa mkono, akaondoka kwa hatua zake fupi akipita katikati ya mageti yaliyoegemezwa ukutani. Cheche alisimama akimtazama mpaka akapinda kona, kisha akavaa glavu zake, moja, halafu ya pili, kwa sababu kulikuwa na mteja anasubiri.